Jani la Kijani la Dani

Harufu ya jiwe lililolowa maji hunirudisha nyumbani. Mwezi uliopita fundi alikuwa akikata vigae nje ya duka moja hapa Homa Bay, na ule uji wa kijivu uliomwagika miguuni pake ukanisimamisha njiani kama mtu aliyeitwa kwa jina.

Nilikuwa na miaka tisa, kwetu Rangwe, nikilelewa na nyanya yangu tuliyemwita Dani. Alikuwa amewapigia mapadri wa misheni nguo pasi miaka mingi, na padri mzee mmoja aliporudi kwao Ulaya alimwachia jiwe la kukandamizia karatasi alilolirithi kwa babu yake. Lilikuwa jeusi, la ukubwa wa kipande cha sabuni, na juu yake palikuwa na ndege kati ya majani, kazi ya vijiwe vya rangi, vilivyopachikwa kwa ustadi hata kucha haikupata pa kuingia. Dawati hatukuwa nalo. Jiwe lilikandamiza kadi za kliniki.

Dani aliwaambia wageni kwamba yule ndege ni mawe. Baba mdogo Ouma, aliyeandika mabango ya maduka, hakukubali.

"Mama, hii ni rangi," alisema siku moja mbele ya wanawake wa jumuiya. "Mimi rangi naijua. Unapiga pasi miaka yote hiyo, halafu padri anakupa rangi, anakwambia ni mawe."

Wanawake wakacheka. Dani akamwongezea chai. Mimi ndiye niliyeumia: miaka yake yote ya pasi ya makaa ilikuwa imegeuzwa mzaha. Niliapa kumwumbua Ouma kwa ushahidi.

Nilisugua kwa majivu, kisha mafuta ya taa, kisha waya wa kusugulia sufuria. Ndege akazidi kung'aa. Mwenye akili angeishia hapo. Mimi nilichukua bikari ya shule, nikachokoa jani moja la kijani hadi likaruka. Lilivunjika vipande vitatu sakafuni, na ndani lilikuwa kijani vilevile.

Nilimpelekea Dani habari njema kwanza. "Ni jiwe kweli."

"Najua, nyakwara," akasema, yaani mjukuu wangu. "Sasa katafute lingine."

Nilipata kijiwe cha kijani mtoni. Siku nne Dani alinikalisha kwenye pong', jiwe lake la kusagia, tukikisugua kwa maji na mchanga, tukikijaribisha pale jani lilipong'oka, tukisugua tena. Ngozi ya vidole ilinitoka. Kila niliposema inatosha, alijibu, "Bado linacheza." Lilipoacha kucheza, akalibandika kwa nta.

Ouma alipokuja alipitisha kidole taratibu juu ya ndege na majani. "Haya, ndege ni mawe," akakiri. "Lakini hili jani moja ni rangi."

Dani alicheka hadi akafuta machozi. Ndipo nilipomwuliza alijuaje. "Nililamba," akasema, "siku ileile nilipopewa. Rangi ina ladha, jiwe halina." Ndivyo alivyopima kila jiwe la kusagia kabla halijagusa unga wake.

Nilikwenda chuo kikuu, nikasifiwa kwa kutoamini kitu, na kwa miaka nilijiona ndiye mwenye shaka wa kwanza katika ukoo wetu. Kumbe Dani alikuwa ameitilia shaka zawadi ya padri, akaipima, akaridhika, bila kuvunja chochote. Siku ile nilihoji majivu, mafuta ya taa na bikari. Mtu aliyekuwa na jibu alikuwa jikoni, hatua kumi kutoka nilipokaa, na sikuona kwamba naye ni wa kuulizwa.