Zamu ya Maji Bondeni Isansa

Kazi yangu watu wa Vwawa hawaielewi, nami nimechoka kuieleza. Wananiita fundi wa intaneti, halafu wananiletea simu zilizopasuka kioo. Haya, nieleze tena. Kule Isansa, kwenye mashamba ya kahawa, kuna vifaa vidogo vya kupima unyevu wa udongo, vimefungwa kwenye nguzo. Havina laini ya simu. Kila kimoja humrushia jirani yake taarifa, jirani naye huirusha mbele, mpaka ifike ofisi ya kamati ya maji. Mimi napanga zamu: nani aongee saa ngapi, nani anyamaze asikilize. Wakiongea wawili kwa pamoja, hakisikiki kitu. Wakikaa macho wote, betri zinakwisha. Ni kama kuongoza kikao cha ukoo, ila hawa angalau wananitii.

Kamati nayo ilichoka na ugomvi, maana kila mtu alikuwa anaapa shamba lake ndilo kavu kuliko yote. Wakaamua maji ya mfereji yafuate vipimo. Shamba lisiloleta kipimo siku ya mgao linasubiri mwezi mwingine.

Basi siku ya mgao, katikati ya kiangazi, shamba la bondeni likanyamaza. Lilikuwa la mama mmoja mjane, aliyeng'oa mibuni yake yote mizee akapanda miche mipya. Hakuwa na kahawa nyingine popote. Kilima kimemziba, kwa hiyo kifaa chake kilikuwa na njia moja tu, kupitia kifaa cha nyumba ya juu yake. Nacho kilikuwa kimezimika.

Nikampigia katibu wa kamati. "Fundi," akasema, "tukimwonea huruma mmoja, kesho tunao wote mlangoni. Jioni tunafungua mfereji." Alisema kweli, na ndiyo iliyoniudhi zaidi.

Nikachukua bodaboda, nikala vumbi, nikafika nyumba ile ya juu. Jamani! Uani kuna turubai, wanawake wanalia kwa Kinyiha. Mzee wa nyumba ile alikuwa amefariki alfajiri, maiti yumo ndani. Penye msiba hakuna anayeshika jembe wala kuwasha redio mpaka watu watoke makaburini. Nikabaki nimesimama na begi langu la spana. Ningemwambia nani? Poleni na msiba, naomba niwashe kifaa changu?

Mara nikamwona yule mama wa bondeni jikoni, anasonga ugali wa waombolezaji. Nikamvuta pembeni, nikamweleza yote. Nikamwambia nitakiwasha kimyakimya, hakuna atakayejua.

"Ni mimi niliyekizima," akasema. "Kilikuwa kinakonyeza taa mbele ya mlango wa maiti."

"Mama, miche yako itakufa!"

"Najua. Mume wangu alipofariki, mashimo ya miche ile alinichimbia huyu mzee. Leo nimwashie taa usoni?" Akafuta mikono kwenye kanga. "Kaa chini, ule."

Nilikasirika. Nilimkasirikia yeye, nikaikasirikia kamati na jua lenyewe. Nguzo ilikuwa pale pale, kazi ya kidole kimoja. Nikaketi mkekani na wanaume wengine, nikaletewa ugali na maharage, nikala bila kusikia ladha. Jioni nikasikia maji yanapita mferejini kwenda upande wa pili.

Mzee akazikwa kesho yake. Tulipotoka makaburini mama yule akanawa mikono, akaenda kwenye nguzo, akakiwasha kifaa mwenyewe. Nikatoa simu, ambamo naona taarifa zinazofika ofisini, nikasubiri. Vifaa vikaamka kimoja kimoja, vikapokezana kwa zamu, hakuna aliyemwingilia mwenzake. Sijawahi kuona mpangilio wangu ukienda vizuri namna ile.

"Cha shambani kwangu kinasemaje?" akaniuliza.

"Kinasema pakavu, mama."

"Basi kinasema kweli," akajibu, akarudi kuosha masufuria ya msiba.