Lensi ya Mwalimu Ilunga

Siku yangu ya kwanza katika hospitali ya kampuni ya migodi, Daktari Mkuu aliniweka nyuma ya pazia nisikilize foleni. Waendesha mitambo waliokuja kupimwa macho walikuwa wakinong'onezana herufi za ubao, maana aliyeshindwa kuzisoma aliondolewa kwenye mashine na kupewa fagio.

"Weye utabadirisha tableau kila asubui," akaniambia. "Muntu asome na macho, asisome na bongo."

Ndivyo nilivyoanza kupima macho hapa Likasi, mji wa migodi wa Kongo. Nilicheka siku nzima, na kazi nikaipenda.

Wakati huo mfanyakazi hakuuliza bei. Kampuni ililipa kipimo, ikalipa na miwani, yake na ya mkewe na ya watoto. Sisi tulikuwa na sanduku la vioo vya majaribio, tukivitia kimoja kimoja kwenye fremu ya chuma mpaka mtu aseme anaona vizuri. Kisha ikaja ile miaka ya tisini. Mishahara ikakatika, Daktari Mkuu akaondoka, chumba changu kikafungwa. Nikahamia zahanati ya masista upande wa Kakontwe, chini ya Sista Msimamizi, mama mkali asiyependa porojo.

Shida yetu kubwa ilikuwa bei. Tukiandika ya asubuhi, kabla ya mchana zaire, pesa yetu ya wakati ule, imeshaporomoka. Mwishowe Sista Msimamizi akafuta ubao wa bei.

"Kipimo ni meka moja ya bunga," akasema. "Bunga haidanganyaka."

Meka ni kopo la kupimia unga sokoni. Toka hapo nilipima macho nikinuka mahindi.

Mwalimu Ilunga wa darasa la sita aliletwa na mkewe, amemshika mkono. Konea, yaani kile kioo cha mbele cha jicho, ilikuwa imechongoka kama ncha ya yai, na jicho la namna hiyo miwani hailisaidii. Linataka lensi ngumu inayokaa juu ya jicho lenyewe. Lensi hizo zilitoka Zambia, kwa dola. Bila lensi angeacha darasa, na walimu wenzake walikuwa wamekwisha kwenda kuchimba madini. Darasa lingefungwa.

Wazazi wakasikia. Watoto wakaanza kuleta unga zahanati, huyu nusu meka, yule viganja viwili ndani ya kitambaa. Sista Msimamizi akauuza, akampa dola padri aliyekuwa anavuka mpaka. Zilitosha lensi moja tu, nami nikachagua jicho la kulia, lililokuwa na nafuu.

Siku aliyoivaa nilimfuata darasani, maana lensi mpya huchoma. Alisimama mbele ya watoto. Akaangalia benchi la kwanza, akaangalia la pili.

"Mama," akaniambia polepole, "aba batoto banakonda hivi tangu wakati gani?"

Unga wa lensi ulikotoka alikujua. Akageuka, akachukua chaki.

Baada ya masomo alitaka kuirudisha. Nikamweleza kwamba imekatwa kwa jicho lake, haiwezi kumfaa mtu mwingine. Basi akaitoa, akaitia kwenye kikopo chake chenye maji ya dawa, akakifungia ndani ya meza ya darasa.

"Itabakia hapa," akasema. "Batoto balilipa juu nibasomeshe. Habakulipa juu miye nione njia ya kwetu."

Nilimgombeza kweli. Nilimwambia ni upumbavu, ataangukia mtaroni. Alinisikiliza kwa heshima, kisha akamshika bega mkewe, aliyekuja kumchukua, wakaenda zao. Hakubadilika mpaka alipoacha kazi.

Sasa nami nimestaafu. Vijana huniuliza kipimo cha macho ni bei gani, na lensi je. Nikiwatajia wanaguna, na mimi naona wana haki ya kuguna. Lakini kila nikitaja bei ya lensi roho inaniuma, kwa sababu namwona Mwalimu Ilunga saa za masomo zimekwisha, akipapasa ukuta wa darasa, akitafuta mlango.