Wageni katika Filamu ya Baba

Baba alikuwa mtu wa sinema katika ukumbi wa wafanyakazi wa kampuni ya shaba, pale Kolwezi. Aliendesha mashine ya kuonyeshea filamu, na kila Jumamosi mchana alituonyesha sisi watoto katuni za zamani, zilezile alizokuwa akizionyesha kabla sijazaliwa. Kulikuwa na mbwa mzimamoto ambaye kila mara alifika moto ukiwa umeshazimika. Kulikuwa na dubu asiyeshuka kwenye baiskeli, na bata bukini mwenye miwani, mwalimu wa darasa lisilomsikiliza. Tuliwajua kama tulivyowajua majirani.

Mambo ya kampuni yakaanza kuharibika. Mishahara ilichelewa, kisha ikawa haiji kabisa, na filamu mpya nazo zikaacha kuja. Zile za zamani zilikuwa zimechoka. Zilikatika mara kwa mara, na baba alitupa sehemu iliyoungua na kubaki na nzima, mpaka kila katuni ikawa kipande tu kisicho na mwanzo wala mwisho. Basi akakaa kwenye meza yetu ya kulia chakula, na mkasi na gundi, akaviunganisha vipande vyote vikawa filamu moja.

Nakumbuka Jumamosi aliyoionyesha. Mbwa mzimamoto alipiga mlango teke, mlango ukafunguka, na badala ya moshi akatokea bata bukini na miwani yake. Akainama kusalimu, akaenda zake. Ukumbi mzima ulipiga kelele. Mtoto mmoja alipanda juu ya benchi: "Huyu haiko wa mu hii filme!" Bukini alipokuwa akifundisha, dubu akapita na baiskeli yake katikati ya somo, kidogo tu, akapotea. Kuanzia hapo hatukuangalia hadithi tena, tulikaa tukivizia nani atapita.

Mama hakuja. Aliuza vitenge sokoni, na kwake sinema ilikuwa kazi ya watu walioshiba.

Babu zangu waliletwa kutoka Kasai kuchimba shaba. Baba na mama walizaliwa Kolwezi, nasi pia, lakini siku zile wanasiasa wa Katanga, mkoa wetu, walianza kusema kwamba watu wa Kasai warudi kwao. Yalianza kwa maneno penye bomba la maji. Yakafuata mawe juu ya bati. Baba akaondolewa kazini. Asubuhi moja kundi la vijana, wengine nilisoma nao, lilitukuta tukinywa chai, likatwambia tutoke mara moja. Tulibeba tulichoweza. Vitenge vya mama vilibaki, na tulipogeuka njiani tuliona vinatolewa nje.

Stesheni ilikuwa imejaa familia kama yetu, chini ya mahema ya plastiki na mashuka, zikingoja treni ya kwenda Kasai ambayo hakuna aliyejua itakuja lini. Pale mama alinyamaza. Alipika, alimwogesha mdogo wangu mchanga, alituonyesha kwa kidole cha kufanya, lakini neno halikumtoka. Baba akimsemesha, anatazama reli. Niliogopa kuliko nilivyoogopa mawe.

Ndipo siku moja akatokea mkubwa wa ukumbi, aliyekuwa mkuu wa baba kazini, mtu wa kaskazini ya Katanga. Alikuwa akisukuma baiskeli, na nyuma kumefungwa kitu kilichofunikwa gunia la mahindi. Ilikuwa mashine ya baba, pamoja na ile filamu.

"Tata, ukumbi banaufunga," alimwambia baba. "Banaanza kubeba hata biti bya kukalia. Beba mashini yako."

"Na bakikuona huku kwetu?"

"Bakiniona, baniona. Batoto bako hapa bure, hawana hata cha kucheka."

Mkuu wa stesheni alitupa ghala la mizigo. Ukifunga milango ilikuwa giza hata saa sita mchana. Baba alivuta umeme kutoka ofisini, tukatundika shuka, watu wakaingia mpaka tukakosa hewa. Lakini baiskeli ilikuwa imeruka mashimo mengi, na mashine ikagoma kutoa sauti. Picha zilikimbia kimya. Mbwa alianguka ngazini na hakuna aliyecheka. Nilimwona baba akijifuta jasho, nikataka kulia kwa ajili yake.

Mbwa akapiga mlango teke, na bukini akatokea, akainama.

"Na we bukini," sauti ikasema nyuma yangu, "nani alikufukuza kwenu?"

Alikuwa mama. Alisimama ukutani, mtoto mgongoni. Ghala zima liligeuka. Yeye hakututazama, alitazama shuka tu, na sasa akaleta sauti nzito ya mbwa: "Ingia, tata, ingia. Hatuna kiti, lakini chini iko mingi."

Bibi mmoja aliyekaa juu ya bunda lake alianza kucheka huku machozi yanamtoka, na kicheko kikaenda mpaka mlangoni. Dubu alipopita na baiskeli, mama akampigia kelele: "We wa kinga, we wa baiskeli! Kama unafika Kasai, basalimie!" Mlangoni alikuwepo askari aliyewekwa kutulinda au kutuchunga, hatukujua. Alikuwa ameingia kuuliza kwa nini tumejifungia. Akasema, "Mama, rudilia pale pa dubu." Baba akarudisha filamu nyuma.

Baadaye mama alimwambia baba, "Ile mashini uifunge vizuri. Isivunjike tena." Hayo yalikuwa maneno yake ya kwanza kwake tangu tutoke nyumbani.

Tuliionyesha filamu kila siku mpaka treni ilipokuja, na kila siku mama aliwapa wale wanyama maneno mapya. Safari yenyewe ilikuwa mbaya. Kuna watu tuliwazika kando ya reli, akiwemo yule bibi. Mdogo wangu aliugua, akapona.

Mwene-Ditu, mji wa Kasai tulikoshukia, hatukumjua mtu. Watoto walitucheka kwa Kiswahili chetu, na Chiluba cha mama, lugha ya huko, kilikuwa cha kuokoteza. Padri wa parokia alitupa chumba cha katekisimu tuonyeshe filamu Jumapili baada ya misa. Sasa mama aliwasemea wanyama kwa Chiluba. Akikosea neno, watoto walimsahihisha kwa sauti moja, naye analirudia mpaka wanaridhika. Hivyo ndivyo alivyojifunza lugha ya babu zake, na hivyo ndivyo mimi nilivyopata marafiki.

Filamu iliisha kabisa, ikawa vumbi. Lakini parokia ilipofungua redio ndogo, walimtafuta mama. Miaka mingi alisalimia mji kila asubuhi kwa lugha mbili, akatangaza vifo, harusi na bei za mahindi. Baba alimsikiliza akitengeneza saa za watu barazani, na kila mara alilalamika kwamba anaongea haraka mno.