Koti Nyuma ya Mlango

Koti lilikuwa limetundikwa nyuma ya mlango wa jikoni, mahali pake pa siku zote, na Solange Lepesqueur alilipita kila siku bila kuligusa. Lilikuwa koti la sufu nzito, buluu iliyofifia hadi ikakaribia kijivu. Mfuko wake wa kulia ulikuwa umetuna, kwa maana ndani yake mlikuwa na kisu cha kufungulia chaza na leso chafu ya mumewe, Rémy. Asubuhi moja ya mwezi wa pili jua lilitoka na joto lisilo la kawaida, Rémy akaliacha koti, akatoka na fulana tu kwenda kununua mkate. Alianguka mbele ya duka la mkate na hakuinuka tena.

Sasa ulikuwa mwezi wa tisa, na Solange alikuwa hajalia.

Kulia alikutaka. Siku ya mazishi alisimama kwenye mlango wa kanisa la Ravenolles, watu wa pwani ile ya Normandi wakipita mmoja mmoja kumbusu mashavu, naye akawa anawaza kama alizima oveni. Walimsifu kwa ujasiri. Huguette tu, jirani yake wa ukuta kwa ukuta, ndiye hakumsifu.

"Shoga, umejifunga kama kome," alimwambia. "Na wewe unajua tunamfanyaje kome asiyefunguka ndani ya maji ya moto."

"Tunamtupa," Solange alijibu.

"Ndiyo hivyo. Sasa kunywa kahawa yako."

Akanywa. Ilikuwa kama kunywa maji ya kuoshea madirisha. Wiki chache baadaye alipika wali wa maziwa na mdalasini, ule unaokaa ovenini tangu asubuhi hadi jioni mpaka ufanye ganda jeusi juu, akalitoa bakuli kwa mikono mitupu. Aliliweka mezani, akatafuta kijiko. Alipoona malengelenge kwenye vidole ndipo alipojua kwamba ameungua. Hakumwambia mtu. Lakini tangu siku hiyo aliingiwa na hofu moja tu, kwamba Rémy hakuondoka peke yake. Kwamba yeye pia ameondoka, na kilichobaki nyumbani ni mwili unaoosha vyombo.

Solange alizaliwa Ravenolles na hakuwahi kukaa mahali pengine. Mama yake alikuwa mchumaji wa kome, na Solange mwenyewe alipomaliza shule ya msingi alishika ndoo akamfuata. Kome wa huko hukua juu ya safu za nguzo zilizosimikwa mbali baharini, na wakati wa bamvua maji hupwa hadi ukayasahau, ukatembea juu ya sakafu ya bahari kama mtu anayekwenda sokoni. Lakini mchanga wa Ravenolles una vinywa. Mahali palipokuwa pagumu jana, leo pamelainika kama uji, na mtu akizama hadi magotini huku maji yanarudi, basi familia yake huanza kutafuta nguo nyeusi.

Kwa sababu hiyo watu wa huko hawatembei bega kwa bega wakiwa mchangani. Mmoja hutangulia na mpini wa reki, akiusikiliza mchanga kwa nyayo. Wa pili hufuata nusu hatua nyuma, ameshikwa mkono, anakanyaga palepale alipokanyaga mwenzake. Aliye mbele anaweza kusema. Aliye nyuma hasemi neno mpaka wafike pagumu. Mtoto wa Ravenolles hujifunza hayo kabla ya kujifunza kufunga viatu.

Solange alipokuwa msichana wa miaka ishirini na miwili, watu wa filamu walikuja kutoka Paris. Walikuwa wanapiga filamu ya mapenzi iitwayo *Mpaka Maji Yarudi*, na walitaka kumalizia kwa wapendanao wawili wanaotembea kuelekea upeo wa bahari, wameipa kamera mgongo. Siku hiyo waigizaji wakubwa walikuwa bado mezani hotelini, mlo umenoga, na pombe ya matofaa ilikuwa imeshapita mara mbili. Bahari haimsubiri mtu amalize jibini. Mwongozaji alipoona maji yanaanza kugeuka alikaribia kulia. Ndipo akawaona vijana wawili wanatoka kwenye nguzo za kome.

"Nyinyi wawili! Tembeeni mpaka kule!"

"Kwenda tutakwenda," Rémy akamjibu. "Kurudi je? Tutarudi kwa miguu au kwa kuogelea?"

Msichana wa mavazi alimvika Solange koti la yule mwigizaji wa kike. La mwigizaji wa kiume halikuingia kwenye mabega ya Rémy, kwa hiyo alibaki na lake, lile la buluu, na mwigizaji akaja kushonewa la kufanana nalo.

Kitu ambacho watu wa filamu hawakukijua ni kwamba wawili hao walikuwa wamenuniana tangu alfajiri. Rémy alikuwa amepata kazi kwenye karakana ya meli, Cherbourg, na Solange alikuwa amemwambia aende salama na aoe hukohuko. Lakini mchanga ni mchanga. Rémy akatangulia, akanyoosha mkono nyuma bila kugeuka, na Solange akaushika kwa sababu ndivyo ilivyo. Walipofika katikati, Rémy alisema, mgongo wake ukiwa bado umemwelekea, "Basi siendi Cherbourg."

Solange alikuwa nyuma. Hakuruhusiwa kujibu. Aliuminya mkono wake tu.

Katika filamu, pale panapigwa vinanda. Watu duniani kote walililia lile tukio la mwanamume kutangulia nusu hatua na mkono kubaki nyuma. Wengine waliandika kwamba ni fahari ya mwanamume, wengine kwamba ni dalili ya kuachana. Rémy aliposomewa hayo alicheka hadi akakohoa. Wao walifunga ndoa kiangazi kilichofuata, wakamzaa Maryline, wakachuma kome hadi magoti yakagoma, na miaka ikapita kama inavyopita kwa watu ambao hawahitaji kuizungumzia.

Sasa, zaidi ya nusu karne baadaye, mwongozaji kijana aitwaye Bastien Vauclair alikuwa anapiga filamu ya pili ya wapendanao walewale wakiwa wazee. Waigizaji wenyewe walikuwa hai, lakini mmoja alikuwa kwenye kiti cha magurudumu na mwingine nyonga yake ilikuwa ya chuma. Bastien alikuja hadi jikoni kwa Solange, akakaa kwenye ncha ya kiti kama mtoto mbele ya mwalimu mkuu.

"Bibi Lepesqueur, nyayo zilikuwa zenu. Ningependa utembee tena. Tumempata bwana mmoja wa makamo ya marehemu, anaitwa Marcelin, alikuwa anaimba kwenye kwaya kule Caen." Macho yake yakaenda mlangoni. "Na lile... ndilo lenyewe?"

"Ndilo."

Maryline, aliyekuwa amekuja kumtazama mama yake, aliweka kikombe chini kwa kishindo. "Hilo ni koti la baba yangu, bwana. Si nguo ya maigizo."

"Naelewa. Tunaweza kushona lingine. Ni kwamba..."

"Shoneni lingine!" Machozi yalikuwa yamekwisha kumtoka Maryline. Yeye hakuwa na shida ya machozi. "Mama, mwambie."

Solange alimtazama binti yake akilia, akamwonea wivu.

Alilitazama koti. Alijaribu kufikiria likitoka mlangoni juu ya mabega ya mtu mwingine, kisha akangoja kuumia, kama mtu anayebonyeza jino bovu kwa ulimi ili ajue kama bado lipo. Halikujibu. Akawaza kwamba pengine lazima litoke kweli. Pengine hapo ndipo itakapouma. Na kama hata hapo haitauma, basi atakuwa amejua.

"Lichukueni," alisema.

"Mama!"

"Maryline, mwanangu, usinipigie kelele. Vilivyomo mfukoni visitolewe. Hilo tu."

Siku ya bamvua kubwa ya mwezi wa tisa, Huguette alimsindikiza hadi ufukweni akiwa amejipaka rangi ya midomo. "Huwezi kujua," alisema, "labda wanahitaji na mwanamke mzuri." Maji yalikuwa yamepwa hadi nguzo za kome zilionekana kama meno ya kitana. Watu wa filamu walikuwa wamesimika vibendera vidogo kufuata njia ileile ya filamu ya kwanza, wameipima kwenye picha za zamani.

Kisha Marcelin akatokea akiwa amevaa koti.

Alikuwa mnene kidogo kuliko Rémy, na vifungo vilimbana. Solange alimtazama kutoka kichwani hadi miguuni. Mabega ya koti yalikuwa mahali pake. Mfuko ulikuwa umetuna mahali pake. Alingoja. Upepo ulipiga. Hakuna kilichotokea.

Ndiyo hivyo, aliwaza. Nimekwisha jua.

"Bibi, samahani sana," Marcelin akasema, "nikianguka usicheke. Magoti haya ni ya kuazima na mwenyewe anayataka. Mimi natangulia nusu hatua, sivyo? Ndivyo ninavyoambiwa. Nusu hatua, mkono nyuma, kifua mbele kama jogoo."

"Umewahi kutembea kwenye mchanga huu?"

"Mimi? Bahari naijua kwenye sahani."

Solange aliitazama ile njia ya vibendera. Mchanga wa katikati ulikuwa unang'aa kwa namna anayoijua, laini, kama ngozi juu ya maziwa yaliyochemka. Njia ya mwaka ule ilikuwa imeliwa na bahari zamani. Hakumlaumu mtu, hakuwa na nguvu za kulaumu. Aliinama akachukua mpini wa reki uliokuwa umeachwa na wachumaji, akapita mbele ya Marcelin, na kumnyooshea mkono nyuma bila kugeuka.

"Bibi Lepesqueur!" Bastien aliita kutoka mbali. "Yeye ndiye wa mbele!"

"Leo hapana," Solange alisema, na sauti haikufika kokote. Maji yalikuwa yamegeuka. Bastien alitazama bahari, akatazama jua, akatupa mikono juu, kamera ikaanza.

"Ala, nafanyaje sasa?" Marcelin akauliza.

"Unakanyaga ninapokanyaga. Na aliye nyuma hasemi."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo."

Walitembea. Solange aliviacha vibendera upande wa kushoto, akafuata mgongo wa mchanga ulio mgumu, nyayo zake zikisikiliza. Alikuwa ametembea juu ya mchanga ule maisha yake yote, kwanza nyuma ya mama yake, kisha nyuma ya Rémy. Mbele hakuwa amewahi kuwa. Mbele hapakuwa na mgongo wa mtu. Palikuwa na kijivu cha mchanga na kijivu cha mbingu, na upepo usiozuiwa na chochote.

Aliye mbele anaweza kusema. Alikumbuka hilo wakiwa katikati, na kinywa chake kikafunguka kabla hajakusudia.

"Hukuniaga," alisema. Hakuisema kwa uchungu, aliisema kama mtu anayetaja hali ya hewa. "Ulisema unakwenda kuleta mkate. Nikawa naosha kikombe. Sikugeuka hata kukutazama. Miaka yote hiyo, halafu ukaniacha na kikombe."

Nyuma yake mtu asiyemjua alipumua kwa nguvu. Hakusema neno. Aliuminya mkono wake tu.

Solange aliendelea kutembea. Ndipo alipogundua kwamba mkono wake mwingine, ulioshika mpini, ulikuwa unamuuma kwa baridi.

Walipokwisha kuzunguka na kurudi pagumu karibu na ufuko, Bastien alikuja mbio, viatu mkononi. "Haikuwa hivyo, lakini hivi..." Kurudia kusingewezekana hata hivyo. Nyuma yao maji yalikuwa yameshafika kwenye vibendera, na kimoja kilikuwa kimelala ubavu, kikizama polepole.

Marcelin alilirudisha koti mwenyewe jioni ile, akalikabidhi mlangoni kwa mikono miwili. "Sikutoa kitu mfukoni, bibi. Ila pindo limelowa. Nisamehe."

"Limezoea," Solange alisema. "Umekula?"

"Nangojewa na basi la kurudi Caen."

"Haya. Nenda salama."

Koti la sufu likilowa maji ya chumvi halitundikwi, litavutika mabega, hulazwa. Akalilaza juu ya viti viwili karibu na jiko. Akatoa kisu, akakiweka kwenye droo pamoja na visu vingine. Akatoa leso, akaitazama, akaitia kwenye beseni la nguo za kufua. Nyuma ya mlango kulabu ilibaki tupu. Aliipita mara mbili akienda kuchota maji, na mara zote mbili aliiona.

Kwenye oveni kulikuwa na wali wa maziwa aliouacha tangu asubuhi. Safari hii alitumia kitambaa kulitoa bakuli. Hakuketi. Alivunja lile ganda jeusi akiwa amesimama, kama alivyokuwa akifanya Rémy ambaye hakujua kungoja kitu kipoe, akajaza kijiko, akakitia mdomoni.

Akatoa tusi, lile tusi baya la wachuma kome ambalo hakuwahi kulitamka mbele ya binti yake. Kijiko kilianguka sakafuni.

Ukuta ukagongwa. "Solange! Kuna nini huko?"

"Nimeungua!" alipiga kelele, mkono mdomoni, macho yamejaa maji. "Nimeungua ulimi, Huguette! Nimeungua!"