Modemu Iliyompigia Mama Notburga

Kuna siku moja naikumbuka mpaka leo, mwanangu, na kila ninapoikumbuka hasira hunipanda upya. Sikuwa na nia ya kukusimulia. Lakini juzi ulikaa hapa sebuleni ukajisifu kwamba programu yako inawapigia simu watu maelfu kwa mpigo, na mtu akipokea akakuta kimya, basi, inaendelea na mwingine. Ukacheka. Mimi sikucheka, na sasa nakwambia kwa nini.

Ilikuwa miaka ile soko lilipofunguliwa, kampuni binafsi zikamiminika Ruvuma kununua kahawa na korosho, kila moja na pikapu yake mpya na meneja wake mwenye tai. Moja iliniajiri hapa Songea, kijana niliyetoka chuoni na cheti cha kompyuta, nitunze programu ya mawasiliano. Kazi yake ilikuwa kuipigia kompyuta ya ghala letu kila saa ya kazi na kuchukua taarifa za magunia yaliyoingia. Intaneti hatukuwa nayo. Tulikuwa na modemu, kiboksi kinachokaa kati ya kompyuta na waya wa simu, kinapiga namba kama mtu na kuongea na modemu mwenzake kwa milio.

Programu yenyewe iliandikwa na fundi wa Dar. Chini yake kulikuwa na maktaba, yaani kazi zilizoandikwa tayari ili wewe usihangaike na lile tundu la nyuma ya kompyuta panapochomekwa waya wa modemu. Unaiambia piga, inapiga, halafu inakurudishia jibu: nimeunganishwa, laini ina shughuli, hakuna anayepokea, au simu imepokelewa lakini sisikii mashine. Maktaba nzuri sana ile, sijapata kuilaumu. Fundi ndiye aliyechukua majibu yote yasiyompendeza akayatupa kwenye kapu moja: piga tena.

Wiki yangu ya kwanza nilikuta spika ya modemu imezimwa kwa amri ndani ya programu. Nikaiwasha, maana mimi nikitafuta tatizo hupenda kusikia laini inavyolia. Nikasikia namba zikipigwa, simu ikaita, ikapokelewa. Kisha kutoka kwenye kile kiboksi ikaja sauti ya mama mtu mzima.

"Halo? Halo? Osmundi, ni wewe? Sema tu baba, mimi nakusikiliza."

Modemu ilikaa kimya ikisubiri mlio wa mwenzake. Mama naye alisubiri, nikawa namsikia anavyopumua. Laini ikakatika. Punde si punde modemu ikapiga tena, akapokea tena, akaanza upya, "Halo? Osmundi?" na sauti yake ilikuwa na matumaini yaleyale.

Gaudensi, karani wetu, akacheka. "Huyo ndiye bibi yetu. Hujaambiwa? Ghala lilipohama kutoka Msamala, namba ya zamani akapewa yeye. Programu inaanza na hiyo ya zamani, ikishindwa mara kadhaa ndiyo inakwenda kwenye mpya. Alikuwa anasikika humu mpaka wageni wakawa wanauliza, meneja akasema zima spika."

Umesikia hilo, mwanangu? Walimsikia. Watu wazima, wengine wana mama zao Peramiho na Matimira, walimsikia mama wa mtu akimwita mwanawe ndani ya boksi la plastiki, na dawa waliyoiona inafaa ni kuzima spika.

Nikaenda kwa meneja. Hakuinua hata macho.

"Taarifa za ghala zinafika?"

"Zinafika, bosi, lakini..."

"Basi hakuna tatizo. Na programu ya watu wa Dar usiiguse."

Mchana huohuo nilishuka Msamala kwa miguu nikauliza mpaka nikaonyeshwa nyumba. Mama Notburga alikuwa mkunga mstaafu, mwembamba, ameketi ndani karibu na mlango ingawa ilikuwa baridi ya Juni na watu wote walikuwa nje wakiota jua. Simu ilikuwa juu ya stuli pembeni yake, imefunikwa kitambaa cha kufuma kwa mkono. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akanikaribisha kiti ambacho hakikumzuia kuifikia simu.

Alinieleza mwenyewe kabla sijafungua mdomo. Osmundi, mtoto wake wa pekee, alikuwa amepita Msumbiji kwenda kutafuta maisha Afrika Kusini. Mama aliihangaikia ile simu kwa muda mrefu, alipoipata akampelekea namba kupitia kijana wa jirani aliyekuwa akienda hukohuko. Na haikupita hata wiki, simu ikaanza kuita.

"Ana aibu," akaniambia kwa sauti ya chini. "Nadhani kazi hajapata. Anapiga, anashindwa kusema. Ndiyo maana sitoki, nisije nikakosa siku atakayopata moyo."

Misa alikuwa ameiacha. Palizi hakwenda, na mahindi aliyoyapanda ngedere walikuwa wameyamaliza. Nikamwambia, "Mama, anayepiga siyo Osmundi. Ni mashine ya ofisini kwetu."

Alinyoosha kile kitambaa mpaka kikakaa sawa. Kisha akauliza, "Sasa mbona haisemi?"

"Haijui kuongea na mtu, mama."

"Haya, mashine haijui. Na ninyi? Mlikuwa mnanisikia?"

"Walikuwa wanakusikia, mama."

"Na hata mmoja hakuona vyema aje aniambie, mama, siyo mwanao?"

Hakupandisha sauti. Afadhali angenifukuza na fimbo. Nilimwahidi kwamba kuanzia kesho yake simu ile haitamsumbua, na ikitokea ikaita ikawa kimya, ajue ni mashine ileile, asijitese.

Nilirudi ofisini nikaigusa programu ya watu wa Dar. Nikafuta namba ya zamani, nikayatenganisha yale majibu: simu ikipokelewa na mtu, acha, usipige tena. Chai yangu haikuwahi hata kupoa. Meneja alipojua, alinifukuza kazi kwa kuharibu mali ya kampuni, na Gaudensi akairudisha programu ya zamani kutoka kwenye disketi.

Mimi nikapata kibarua Mbinga, sikujua kwamba wameirudisha. Simu ikaanza kuita tena. Mama Notburga akasema moyoni, ndiyo ile mashine aliyoniambia yule kijana, akaiacha iite, akachukua jembe lake akaenda shamba.

Miaka ilipita. Kila nikija Songea nilimpitia, na nilikuwapo siku Osmundi aliporudi, amekonda, na begi moja mgongoni. Walilia wote wawili. Walipotulia, mama akamuuliza, "Hata simu, baba? Hata mara moja?"

"Nilipiga, mama. Kila nilipopata hela ya simu nilipiga. Inaita mpaka inakatika. Nikajua umeshafariki, nikaona nirudi kwa nani?"

Mama Notburga aliiangalia ile simu chini ya kitambaa chake.

"Sikuwa mbali," akasema. "Nilikuwa jikoni. Nilikuwa naisikia."

Nilitaka siku ile niende nikamshike mtu shati. Nimshike nani? Kampuni ilikuwa imeshafungasha na kuondoka, meneja na tai yake hajulikani alipo, na lile jengo sasa wanauza mabati.

Kwa hiyo nakwambia wewe, mwanangu, kwa sababu upo na shati lako nalifikia. Ukiituma mashine ibishe hodi kwa mtu, hakikisha kuna mtu wa kuitika akifungua. Mashine ikikuletea jibu kwamba upande wa pili kuna binadamu, usilitupe kwenye kapu la makosa. Na usikubali kamwe kuzima spika ili wageni wasisikie. Wakikufukuza kazi, njoo hapa, utakula na sisi.

Mungu akubariki kazi ya mikono yako. Akuachie masikio yako yakiwa wazi. Na siku mwanao akiwa mbali akakupigia, Mungu akujalie uwe bado unaamini kwamba ni yeye, upokee.