Gari la Fisi

Wakati wa vita, camion, yaani lori, ilikuwa kitu cha kunyang'anywa na askari tu. Viazi vyangu, birai kama tunavyoviita, vilikuwa vinaanza kuoza kule Lubero, na visipofika sokoni Butembo, watoto wangu wangekula upepo.

Ndipo nikakuta, pale Bulengera, mzee mmoja wa maonyesho, aliyeingia kwa mpaka wa Kasindi na gari la mbao lisilo na injini. Baba yake alianza na ngoma na mabenchi, ng'ombe wakivuta gari hilo soko hadi soko. Halafu akaongeza kizimba cha fisi, na watu wakalipa kumtazama akila. Sasa fisi amekufa njaa, mzee anataka kuuza gari aende kwao.

"Papa, hii gari ni historia," akasema mzee.

"Historia hapana beba birai. Magurudumu je?"

Nikakagua magurudumu, mbao na misumari, nikarudia tena. Pua sikuitumia: asubuhi ilikuwa ya baridi, na mzee alikuwa amepaka majivu kila mahali. Nilipunguza bei mpaka akashika kichwa.

Lubero tukapakia, wanaume wa chukudu, wanaosukuma mizigo kwa baiskeli za mbao, wakavuta gari. Jua likapanda, mbao zikapata joto. Mkojo wa fisi, nyama iliyooza na mafuta ya zamani vikaamka vyote pamoja. Mwanaume mmoja akatapika barabarani. Mimi nilifunga pua kwa shati, na uvundo ukapita kwenye shati.

Kwenye barrière, kizuizi cha barabarani, askari waliozoea kuchagua magunia mazuri wakafunua turubai. Mmoja akaruka nyuma.

"Eh mobali! Unabeba maiti?"

"Ni birai tu, shefu."

"Toka hapa na buchafu yako! Pita!"

Hakuna gunia lililoguswa.

Butembo, akina mama wa sokoni hawanunui kiazi bila kukinusa. Walinusa, wakatema mate, wakanitukana. Halafu wakanunua, maana viazi vya wengine vilibaki kwa askari.

Asubuhi yake akaja mfanyabiashara mwenzangu kukodi gari. Akapanda, akavuta pumzi ndefu kama mtu anayenusa mchuzi.

"Mais papa, harufu imepungua. Askari hapana kimbia hii. Unipunguzie bei."

"Weka pua ile kona. Ndiko fisi alikuwa analala."

Akainama. Akakohoa mpaka machozi yakamtoka.

"Bon," akasema, akijifuta mdomo. "Nakamata kwa bei yako. Lakini usioshe!"

Nikatema mate pembeni, nikampa kamba ya kuvutia gari.