Mwarobaini wa Ngong Road

Nakumbuka asubuhi moja ya baridi kali ya mwezi wa saba, mwanangu, nikiwa nimechuchumaa kando ya Ngong Road, karibu na Adams Arcade, nikimwagilia miche isiyokuwa yangu. Niliacha shule mapema, na miguu yangu haikujua kutulia. Nilikuwa nimeshafanya kazi ya mjengo, nimeosha farasi, nimeuza mayai ya kuchemsha. Kila mahali nilikaa mpaka nikadhani nimejua yote yaliyopo, kisha nikahama.

Wakati huo nilikuwa kwa Mama Mwende, mama wa Kikamba aliyekuwa na kitalu cha miche pale barabarani. Sikuwa nimekaa sana, lakini tayari nilijua majina ya miti yote. Mtu akisimamisha gari, nilimtajia mti mmoja mmoja bila kupumua. Nilifurahi kuona watu wakishangaa. Ujana una njaa ya kustaajabiwa, wewe mwenyewe unajua.

Asubuhi hiyo Mama Mwende alikuwa amekwenda kutafuta mbolea. Akaja Wanjiru, mteja wetu wa Uthiru. Tulikuwa tumewahi kumpelekea miche ya ua wa boma lao. Macho yake yalikuwa mekundu kwa kukosa usingizi.

"Sasa, kijana. Mama yuko?"

"Ametoka, lakini mimi niko. Sema tu."

"Baba ako na homa. Hali kitu, na hospitali amekataa kabisa. Anasema huko watu huenda wakitembea na kurudi wakibebwa. Jirani ameniambia nimchemshie mwarobaini. Mko nayo?"

"Mwarobaini si ile pale!"

Nilimwonyesha mti mkubwa uliokuwa nyuma ya kitalu, upande wa kuelekea mtaa wa Jamhuri. Kila mtu pale aliuita mwarobaini. Wenye kibanda cha chai waliuita hivyo, wapita njia waliuita hivyo, nami pia. Nikaupanda, nikavunja matawi. Kisha, kwa kuwa Wanjiru alinitia huruma na nilitaka kumpa kitu zaidi, nikaongeza vishada vya matunda yake ya manjano. "Chemsha pamoja na haya," nikamwambia. "Haya ndiyo makali." Hakuna aliyewahi kuniambia hivyo, mwanangu. Maneno yalinijia tu, na yalisikika kama ujuzi.

Mama Mwende aliporudi, aliyaona majani chini kabla hajaweka gunia.

"Nani amevunja huu mti?"

"Ni mimi. Nimempa Wanjiru mwarobaini, babake ako na homa."

"Na matunda?"

"Pia matunda."

Hakupiga kelele. Alikwenda kwenye kona ya kitalu, akarudi na mkebe wenye mche mmoja dhaifu ambao siku zote nilidhani ameusahau. Akachuma jani lake, akaokota jani la ule mti mkubwa, akayaweka yote mawili kwenye kiganja changu.

"Angalia. Usiniambie jina. Angalia."

Nikaangalia. Jani la mkebe lilikuwa na kikonyo kimoja kilichonyooka, na vijani vimepangana huku na huku. La mti mkubwa, kikonyo kilitoa vikonyo vingine, na hivyo ndivyo vilivyobeba vijani. Nilikuwa nimepita chini ya mti ule kila siku bila kuliona jambo hilo.

"Huu wa mkebe ndio mwarobaini wa pwani," akasema. "Nililetewa kutoka Mombasa, na baridi ya hapa imeuzuia kukua. Ule wako ni binamu yake. Watu wa hapa wameupa jina la mwenzake, lakini matunda yake ni sumu. Na kwetu Ukambani kuna wa tatu, mukau. Mbuzi wanakula matunda yake na wananenepa. Ukiiona yote ikiwa midogo, utaapa ni mti mmoja."

"Hukuwahi kuniambia, Mama."

"Hukuwahi kuuliza. Wewe unauliza jina. Ukishapewa, unaenda."

Alikuwa tayari anamwita jirani yetu, muuza vyungu, atuwashie pikapu yake.

Tulimkuta Wanjiru mlangoni, amejishika kichwa. Baba yake, Mzee Gitau, alikuwa amekunywa kikombe kizima na sasa alikuwa anatapika. Alilala na koti lake na kofia yake, pumzi zikimtoka kama mtu aliyepanda mlima. Nilipomwinua alikuwa mwepesi kuliko nilivyotarajia. Hakuwa na nguvu ya kukataa hospitali wala kukataa chochote. Tulimlaza nyuma ya pikapu kati ya vyungu, tukamfunika blanketi, nikamshika kichwa njia nzima. Nilikuwa na jambo moja tu moyoni: asife mikononi mwangu.

Tulingoja kwenye benchi la hospitali mpaka jua likazunguka upande wa pili wa jengo. Daktari alipotoka alisema mzee ametapika sehemu kubwa ya alichokunywa, na hilo ndilo lililomsaidia. Kisha akasema jambo ambalo hatukulitarajia. Homa ile haikuwa malaria kama Wanjiru na jirani yake walivyodhani. Ilikuwa nimonia. Mapafu yalikuwa yamejaa, na kama angeendelea kulala nyumbani, hata mwarobaini wa kweli usingemfaa kitu.

Wanjiru akanishika mikono yote miwili. "Aki Mungu akubariki, kijana. Bila ile dawa yako baba hangekubali kuletwa huku. Wewe ndiye umemwokoa."

Nitakwambia ukweli, nilitaka kuipokea shukrani ile. Nilikuwa nimeshaanza kuinamisha kichwa, vile mtu mwema anavyofanya. Mama Mwende akasema, taratibu, mbele ya daktari na wagonjwa wote, "Wanjiru, usimshukuru huyu. Alimpa baba yako sumu akidhani ni dawa. Mshukuru Mungu, na huyu daktari."

Wanjiru aliachia mikono yangu. Sijasahau jinsi vidole vyake vilivyoachia.

Huko nje nilimuuliza Mama Mwende kwa nini aliniaibisha hivyo, na mzee amenusurika. "Ungeenda na zile shukrani," akasema, "kesho ungempa mtu mwingine matawi yale yale."

Mzee Gitau alipopata nguvu alikuja kitaluni mwenyewe, na kofia yake.

"Ni wewe?"

"Ni mimi, Mzee. Nisamehe."

"Ulininywesha nini, kijana? Nilimwona marehemu nyanya yangu, na hata yeye alikuwa amekasirika!" Akacheka mpaka kikohozi kikamshika. Kisha akaniambia nimwonyeshe mti wenyewe. Nikamwekea majani mawili kiganjani, nikamwonyesha kikonyo kilichonyooka na kile chenye matawi. Akayapapasa kwa kidole gumba.

"Na hii ya pili inaitwaje?"

"Wanaiita mwarobaini pia, Mzee. Hapo ndipo shida ilipo."

Kutoka siku hiyo sikuacha kutangatanga, mwanangu, lakini niliacha kuondoka mapema. Nikipewa jina la kitu, nilibaki nikingoja kukiona.

Leo watu wanatumiana picha za majani kwenye simu, na chini yake wameandika jina na kuagiza uchemshe, unywe. Usinywe jina. Na mgonjwa akisema ana homa, homa ni neno tu. Ndani yake kuna malaria, kuna nimonia, kuna mafua ya kupita. Mpeleke wapime. Akikataa, mbembeleze, lia ukiweza, lakini usimchemshie ulichosikia kwa jirani.

Hata mbali na dawa ni vivyo hivyo. Utaambiwa kuna kazi ng'ambo, na neno watakalotumia ni hilo hilo walilotumia kwa kazi iliyomsomesha mjomba wako. Mtu atakuambia anakupenda, kwa neno lile lile alilotumia mama yako. Usikasirike, wala usikimbie. Sogea karibu, geuza jani, tazama kikonyo. Na ukikosea, mambo yakaenda vizuri kwa bahati, usiichukue bahati ukaiita ujuzi wako. Hilo ndilo kosa lililonikaribia zaidi siku ile, kuliko hata lile la mti.

Mungu akupe macho yenye subira. Akupe mtu wa kukukatiza pale unapoanza kuinamisha kichwa upokee sifa zisizo zako. Na mikono yako, kila itakachompa mgonjwa, kiwe ndicho hasa ulichodhani unampa.